Bodi ya Zamani, Lenzi Nzuri: Jinsi ya Kununua Kamera ya Mirolesi Iliyotumika

Mwaka 2018 kampuni za kamera zilikabana koo. Februari Sony walitoa a7 III na Canon wakatoa EOS M50. Agosti Nikon wakaja na Z6 na Z7, za kwanza kwenye maunti yao mpya, yaani mfumo wao mpya wa kushika lenzi. Septemba zikafuatana Canon EOS R na Fujifilm X-T3. Kuanzia hapo kamera za mirolesi, zile zisizo na kioo kinachoruka ndani kila unapobonyeza, hazikuwa tena vifaa vya watu wanaopenda kujaribu vitu vipya. Zikawa za kazi.

Leo kamera hizo ziko mezani kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, bei imeshuka sana, na picha zinazotoa ni zile zile. Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua moja kati ya hizo badala ya kuzidi kusubiri pesa ya toleo jipya: mpiga picha wa harusi na sendofu, mwanafunzi wa habari, kanisa linalorusha ibada mubashara, au mzazi anayetaka picha nzuri za wanawe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ndiyo sehemu inayoshuka bei haraka na kuzeeka polepole, kwa hiyo hapo ndipo pa kubana matumizi. Ila kubana kuna mpaka, na ukaguzi hauna njia ya mkato.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya picha unayohitaji

Kabla hujataja jina la kamera yoyote, jiulize picha zako zinaishia wapi. Ukurasa wa A4 unaochapwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, unataka pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama megapikseli 8.7. A3 inataka kama 17.4. Sony a6000 ya mwaka 2014 inakupa megapikseli 24, pikseli 6000 kwa 4000. Video ya 4K, ambayo wateja wanaidai hata kama wataitazama kwenye simu, ni pikseli 3840 kwa 2160, kama megapikseli 8.3 kwa kila fremu. Anayekwambia huwezi kufanya kazi ya maana bila megapikseli 33 ana kamera ya kuuza.

Kilichobadilika kweli ni mambo matatu: namna kamera inavyokamata jicho la mtu anayetembea, video kwa ujumla wake (muda wa kurekodi, joto, rangi), na betri. Yaandike kwenye karatasi, kisha weka alama kwenye lile linalogusa kazi yako. Anayepiga picha za bidhaa kwenye meza haguswi na hata moja. Anayewafuata maharusi wanaoingia ukumbini wakicheza anaguswa na yote.

Hatua ya 2: Chagua maunti kabla ya bodi

Maunti ni ule mdomo wa chuma ambapo lenzi inakaa. Bodi utaibadilisha, lenzi utabaki nazo miaka mingi, kwa hiyo ukinunua bodi ujue umeoa na ukoo wake wote.

Ukoo wa Sony E ulianza 2010 na kamera za NEX, na lenzi ya wakati ule bado inaingia kwenye bodi iliyotoka kiwandani leo. Ndiyo maana soko lake la mtumba limejaa. Kwa bodi zenye sensa ndogo ya APS-C utakuta Sigma 30mm f/1.4 na 56mm f/1.4, kwa zenye sensa kubwa, ile wanayoiita fulifremu, kuna Tamron 28-75mm f/2.8 ya mwaka 2018, ambayo imelisha familia nyingi za wapiga picha. Tahadhari moja tu: lenzi ya APS-C ukiivalisha a7 III, kamera inakata kingo na kukuachia megapikseli 10.

Kama tayari una lenzi za Canon EF, urithi wa enzi za kamera za kioo kama 5D na 6D, usiziuze kwa hasira ya kuhama. EOS R na EOS RP zinazipokea kupitia adapta ya Canon yenyewe. Adapta hiyo haina kioo cha lenzi ndani. Ni bomba fupi lenye viunganishi vya umeme, na lenzi inafokasi kama iko kwao. Mwenye Nikon ana nusu bahati. Adapta ya FTZ inaziendesha vizuri lenzi za AF-S, lakini za zamani za AF-D, ambazo hutegemea mota iliyo ndani ya bodi, utazizungusha kwa mkono. Kama umejaza begi kwa AF-D, hesabu hiyo iweke kwenye bei ya Z6 kabla hujaifurahia.

Fujifilm X ni ukoo hai, una lenzi ndogo nzuri, na bei zake za mtumba ni ngumu kushuka kwa sababu vijana wanazipenda kwa sura. Micro Four Thirds, ulioanza 2008 na Panasonic G1, nao upo bado, mwepesi na nafuu, ila sensa yake ndogo inateseka ukumbini usiku.

Halafu kuna koo zilizokwisha. Nikon 1 ilianza 2011, ikasitishwa 2018. Samsung walitoa NX1 mwaka 2014, kamera iliyowatangulia wenzake kwa mengi, kisha wakajiondoa kwenye biashara hiyo. Canon EF-M, maunti ya M50, nayo imefungwa, na lenzi zake haziingii kwenye bodi za RF, maunti ya EOS R na RP, hata kwa adapta. M50 bado namshauri mtu mmoja: anayejirekodi akizungumza, kwa HD kamili ya 1080, na anayekubali kwamba siku ya kuhama atauza vyote kwa mpigo. Kioo chake cha nyuma kinageukia mbele, ina tundu la maiki, na fokasi yake ya uso haina shida. 4K yake isahau. Inakata picha kwa pembeni na fokasi inaanza kusitasita.

Hatua ya 3: Weka mpaka wa umri

Mpaka wangu ni 2018 kwa anayelipwa, 2014 kwa anayejifunza.

Anayejifunza atosheke na a6000. Haina tundu la maiki, haina 4K, kioo chake cha nyuma hakiitiki kwa kidole, na betri yake, NP-FW50, ni ndogo. Lakini inapiga picha 11 kwa sekunde, na mwangaza ukiwepo itampa kila anachohitaji kujua kuhusu mwanga na mpangilio. Mwenye nia ya video aongeze pesa afike a6400 ya mwaka 2019. Betri ni ile ile ndogo, lakini jicho la mtu inaling'ang'ania vizuri, kioo kinapinduka kuelekea mbele, maiki inaingia, na haijizimi ikifika nusu saa.

Hiyo ya nusu saa inastahili maelezo, maana inawakuta watu katikati ya mahubiri. Kamera nyingi za miaka ile hujizima zikifika dakika 29 na ushei. Hazijachoka. Forodha ya Umoja wa Ulaya ilikuwa inaihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, yenye ushuru wake, kwa hiyo watengenezaji wakaweka kikomo. a7 III na EOS R zinacho kikomo hicho. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 haina, na hapo nakiuka mpaka wangu mwenyewe: kwa kanisa, msikiti au ukumbi wa semina, GH5 juu ya stendi ni ununuzi wa akili. Ina tundu la HDMI la ukubwa kamili, si yale madogo yanayolegea baada ya miezi. Fokasi yake ya video inahangaika, ila mhubiri aliyesimama kwenye mimbari hahitaji fokasi inayokimbia. Iweke kwa mkono, iache.

Kwa harusi, chaguo langu la kwanza ni a7 III. Betri yake ya NP-FZ100 inapewa picha 710 kwa kipimo cha kawaida cha viwandani, na mkononi mwa mtu anayezima kamera akipumzika inavuka hapo. Ina matundu mawili ya kadi za SD, sensa yake inaelea kupunguza mtikisiko, na mwaka 2019 Sony waliiongezea kwa programu toleo 3.0 fokasi ya jicho inayofanya kazi bila kubonyeza kitufe cha pembeni. a7 II ya 2014 inafanana nayo kwa sura na bei yake inatamanisha. Ipite. Betri ni ile ndogo ya a6000 na fokasi ni ya kizazi kingine.

X-T3 ni ya anayeegemea video: inarekodi 4K kwa fremu 60 na rangi za biti 10 ndani ya kadi, wakati a7 III inaishia biti 8. Sensa yake haielei, kwa hiyo jiandae kwa stendi au gimbo. Z6 ni kamera tamu yenye kasoro moja kubwa, tundu moja la kadi, tena la kadi za XQD, ambazo bei yake inaumiza. Z6 II ya 2020 ndiyo iliyoongeza tundu la SD. EOS R nayo ina tundu moja, na RP hupewa picha 250 tu kwa betri. Picha ya kuvalishana pete hairudiwi. Mwenye tundu moja abebe kadi ndogo ndogo na azibadilishe kila sehemu ya shughuli inapoisha.

Hatua ya 4: Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Bodi isile zaidi ya nusu ya bajeti. Watu wengi wanafanya kinyume: wanamaliza akiba yote kwenye bodi mpya, wanabaki na lenzi ya kuanzia ile ya f/3.5-5.6, wanaingia nayo ukumbini, kisha wanalalamika kwamba picha zina chengachenga.

Hesabu ni hii. Lenzi hiyo ukiivuta mbele inabaki na f/5.6. Lenzi ya f/1.8, hata ile ya bei rahisi ya 50mm, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Picha iliyokuwa ikihitaji ISO 12800 sasa inapigwa kwa ISO 1250 au hapo karibu. Hakuna bodi mpya, ya bei yoyote, itakayokupa tofauti hiyo ukiwa bado umevaa lenzi ya kuanzia.

Kwa hiyo toa kwanza fungu la lenzi. Kisha fungu la betri mbili za ziada kwa kamera zenye betri ndogo, moja kwa a7 III. Kisha kadi mbili za uhakika, na flashi ya kurushia darini. Kilichobaki ndicho bajeti ya bodi. Kama hakitoshi a7 III, shuka hadi a6400, usiile pesa ya lenzi.

Hatua ya 5: Ijue bei, na ujue kamera imetokea wapi

Angalia bei kwenye maduka ya nje yanayouza vilivyotumika na kutangaza hali ya kila kamera: MPB ya Uingereza, KEH ya Marekani, Map Camera ya Japani. Hapo utaona kamera yenye mikwaruzo inauzwaje, na safi inauzwaje. Ongeza usafiri na kodi. VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, tena inakokotolewa juu ya thamani iliyojumuisha usafiri. Ukifika jumla, linganisha na bei za madukani kwetu, Kariakoo au Luthuli. Muuzaji wa hapa akizidi kidogo tu, nunua hapa. Kuishika kamera mkononi kabla ya kulipa kuna thamani yake.

Kamera zilizotoka Japani zina mtego. Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake, wala huwezi kubadili lugha. Muuzaji atakwambia, "Boss, ni seting tu hiyo." Mwambie aiweke Kiingereza ukiwa umesimama hapo. Akishindwa, ama bei ishuke kweli kweli, ama uachane nayo, kwa sababu na wewe utakapoiuza utaulizwa hilo hilo.

Kamera za Marekani na Japani pia huja zimewekwa NTSC, fremu 30 au 60. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi chini ya taa za ukumbi utaona mistari inatambaa. Kamera nyingi zinabadilishwa kwenda PAL ndani ya menyu; hakikisha unayoinunua inakubali, kisha rekodi kwa 1/50 au 1/100.

Hatua ya 6: Kagua kama unayemshuku kila mtu

Omba kuiona mchana. Nenda na kadi yako ya SD, tochi ndogo, karatasi nyeupe, flashi na maiki kama unazo, na simu au kompyuta ya kusomea faili. Usikubali kukagua ndani ya gari usiku, hata kama mtu ameletwa na rafiki yako.

Anza na nje, kwa haraka. Mikwaruzo ya kawaida haina neno na inakusaidia kushusha bei. Tafuta skrubu zilizochubuka vichwa, alama ya mtu kufungua bodi. Geuza kamera uangalie tundu la stendi, kisha mlango wa betri. Kutu au unga wa kijani hapo ni habari mbaya, hasa kwa kamera zilizofanya kazi Coco Beach, Nungwi au Diani, ambako chumvi huingia taratibu na mwenyewe hajui. Angalia namba ya bodi, ilingane na ya kwenye boksi kama boksi lipo.

Sasa namba ya shata, yaani pazia la ndani limeshapiga mara ngapi. Kwa kawaida mazungumzo huenda hivi:

"Kaka, hii shata imepiga ngapi?"

"Boss wangu, hii ilikuwa ya mzungu mmoja, hajapiga nayo hata picha elfu tano."

Usibishane naye. Tia kadi yako, piga picha moja ya JPEG, hamisha faili kama lilivyo bila kulipitisha WhatsApp, maana WhatsApp kwa kawaida inafuta taarifa za ndani. Kwa Sony na Nikon namba imeandikwa humo, na programu ya bure ya ExifTool inaisoma. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, kwa hiyo utahukumu kwa mpira wa kushikia na rangi iliyofutika kwenye gurudumu la juu. Shata ya a7 III ilipimwa kiwandani kwa mipigo 200,000. Mpiga harusi anayepiga picha 2,000 kwa shughuli anaifikia kwa shughuli 100. Elfu 60 si kitu cha kuogopesha. Elfu 180 nunua tu kama bei imekatwa kiasi cha kulipia shata mpya. Ukikuta elfu 90 kwenye ile ya mzungu wa picha elfu tano, tatizo si elfu 90. Mtu huyo ana mengine ambayo hujayauliza. Kumbuka pia namba hii haisemi lolote kuhusu saa za video.

Kisha sensa. Fungua lenzi, angalia ndani kwa mwanga wa dirisha. Kwenye EOS R iliyozimwa utaona pazia jeusi badala ya sensa, kwa sababu Canon waliamua lijifunge kuzuia vumbi. Usiliguse kwa kidole. Rudisha lenzi, weka f/16, ISO 100, piga karatasi nyeupe au anga bila kufokasi. Vuta picha kwenye kioo, pitia kona hadi kona. Vidoa vyenye ukungu ni vumbi, vinasafishika. Mstari mkali usiohama ni mkwaruzo, usinunue. Halafu funika lenzi, piga sekunde 10 gizani. Nukta mbili tatu za rangi si ajabu. Zikiwa nyingi kama nyota, au ukiona mstari wa rangi kutoka juu hadi chini, huenda kamera hiyo imepigwa na leza za disko. Ni ajali ya kweli kwenye kumbi zetu, na mirolesi inaumia zaidi kwa kuwa sensa yake iko wazi kwa mwanga muda wote mtu anapochungulia.

Fokasi ijaribu kwa mtu, si kwa ukuta. Mwombe muuzaji asimame mlangoni jua likiwa nyuma yake, uso wake kivulini, kisha atembee kuja kwako. Piga mfululizo, f/1.8 au tundu kubwa kuliko yote la lenzi iliyopo. Kuza macho yake picha moja moja. Mtu mwenye ngozi nyeusi, uso kivulini, mwanga nyuma: huo ndio mtihani utakaoukuta kila Jumamosi. Kamera ikifaulu hapo, ukumbini haitakuaibisha.

Vilivyobaki ni vya dakika chache lakini usiruke hata kimoja. Kunja na kunjua kioo cha nyuma mara kadhaa huku kimewaka. Kikiwaka na kuzima, waya wa ndani umechoka. Sogeza jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, picha ihamie humo yenyewe. Weka flashi juu, iwake. Chomeka maiki, rekodi, sikiliza. Jaribu matundu yote ya kadi. Chomeka waya wa USB na HDMI, utikise kidogo. Rekodi video ya ubora wa juu kwa dakika 15 mnapoongea bei, kamera ikiwa imekaa mezani. A6300 na a6500 zinajulikana kwa kuchemka kwenye 4K, na joto la Dar halizihurumii. Kamera yenye sensa inayoelea inaweza kugonga kidogo ndani ukiitikisa imezimwa. Hiyo kwa aina kadhaa ni kawaida. Iwashe, piga kwa 1/10 umeishika mkononi, picha itulie.

Lenzi ina ugonjwa wake, na ukanda wa pwani ndiko unakostawi: kuvu. Vua lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho kwa zile zenye pete, elekeza tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiinamisha huku na huku. Vumbi ni punje. Kuvu ni nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka pembeni. Kuna watakaokwambia inasafishwa. Inasafishwa, kwa fundi, na baadhi huacha kovu kwenye kioo. Mimi lenzi yenye kuvu nairudisha mezani bila kuuliza punguzo.

Hatua ya 7: Lipa kwa utaratibu

Hakuna kutuma hela kabla ya kuona. Tangazo lenye bei ya kushangaza, picha zilizotolewa mtandaoni na mtu anayedai yuko safarini ila kaka yake atakuletea, ni ndugu wa ile meseji ya "tuma kwenye namba hii." Ukiridhika, lipa kwa simu au benki badala ya taslimu, ili ubaki na kumbukumbu yenye jina.

Kisha andikianeni. Karatasi moja inatosha: aina ya kamera, namba ya bodi, namba ya lenzi, bei, tarehe, majina na namba za vitambulisho, sahihi zenu na ya shahidi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea siku askari akiuliza. Muuzaji anayekataa kuonesha kitambulisho amekujibu swali lako. Duka likitoa dhamana, hata ya wiki mbili, iandikwe humo humo na isemwe inahusu nini.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Rudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani, maana mwenye nayo wa kwanza ameacha mambo yake humo. Weka tarehe. Angalia toleo la programu ya ndani na upakue jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji, betri ikiwa imejaa. A7 III iliyobaki toleo la 2018 haijapata ile fokasi ya jicho niliyoitaja. Tupa betri zilizovimba. Za kununua ziwe za mtengenezaji au za kampuni inayojulikana. NP-FZ100 za bandia zimejaa mitaani na nyingine hukata kamera ikionesha bado asilimia 40.

Dhamana ikiwa bado hai, itese kamera. Piga shughuli ya ndugu, ubarikio, mechi ya mtaani, rekodi hadi betri iishe. Harusi ya kwanza ya kulipwa nenda na kamera yako ya zamani kwenye begi.

Ukishatulia, itunze dhidi ya unyevu. Begi la kamera ndani ya kabati la nguo, Tanga au Mombasa, ni shamba la kuvu. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, weka humo pakiti za silika jeli zenye kubadili rangi na kipimo kidogo cha unyevu. Kipimo kikae kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana ya hapo mpira na grisi ya lenzi hukauka, na kikivuka 60 kuvu wameamka. Rangi ya silika ikigeuka, itoe, ipashe kwenye oveni ya moto mdogo hadi irudi ilivyokuwa, iache ipoe kabisa, ndipo uirudishe.